Wodi ya Mifupa Kabla ya Raundi

Ukiingia wodi ya mifupa asubuhi na mapema, kabla madaktari hawajafika kwa raundi, utamkuta muuguzi wa zamu akipita kitanda hadi kitanda akiwashika watu vidole vya miguu. Anafunua shuka upande wa miguuni, anabonyeza ukucha wa dole gumba mpaka upauke, anaachia, anatazama damu ikirudi. Ikirudi ndani ya sekunde 2, anaridhika. Halafu anapitisha ncha ya kidole chake katikati ya dole gumba na kidole kinachofuata, pahali padogo ambapo mwenye mguu mwenyewe hajawahi kupafikiria, na kuuliza, "Hapa unasikia?" Mgonjwa akiitikia, anaambiwa alivute dole juu kuelekea kichwani. Mguu mzima nao hukaguliwa vilevile, ili kuwe na cha kulinganishia. Anaandika kwenye chati, anahamia kitanda cha pili.

Kwa mpita njia ni kama anasalimia tu. Mimi mwenyewe si muuguzi. Nimekaa sana kwenye viti vya wanaouguza, na mtu anayeuguza ana muda mwingi wa kutazama wengine wakifanya kazi. Nilichokuja kukiona ni kwamba tunaisifu kazi ya mifupa mahali pasipo pake. Tunamsifu daktari aliyeunga mfupa, na anastahili. Lakini mfupa, ukishawekwa sawa, hujiunga wenyewe. Daktari amefanya kazi yake kwa saa moja au mbili. Wiki zote zinazofuata ni za muuguzi, naye hashughuliki sana na mfupa. Anashughulika na kila kinachouzunguka: ngozi, misuli, neva, mapafu, tumbo na heshima ya mtu aliyelala chali bila uwezo wa kujigeuza. Akiifanya kazi hiyo vizuri, hakuna kinachotokea. Na jambo ambalo halikutokea huwezi kulipiga eksirei ukawaonyesha watu.

Turudi kwenye ile nafasi katikati ya vidole. Neva inayoihudumia hupita katika chumba cha mbele cha muundi, kati ya mafungu ya misuli yaliyofungwa kwa utando mgumu usiovutika. Mfupa wa muundi ukivunjika, damu na uvimbe hujaa humo ndani, na chumba hicho cha mbele ndicho mara nyingi hujaa mapema kuliko vingine. Ni mchele uliolowekwa ndani ya mfuko uliofungwa shingo: unazidi kuvimba na mfuko hauongezeki. Shinikizo likipanda kupita kiasi, damu haiingii tena kwenye misuli. Baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa, na ikishakufa hairudi. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 namna mkono uliobanwa kwa bendeji unavyoishia kujikunja vidole kama kucha za ndege, na jina lake limebaki kwenye ulemavu huo hadi leo.

Sasa mchukue kijana wa bodaboda aliyevunjika muundi jioni, akafungwa hogo, yaani plasta, kutoka pajani hadi kwenye vidole, akapewa kitanda. Saa 5 usiku anaanza kulalamika. Keshachomwa sindano ya maumivu, bado analalamika. Mgonjwa wa kitanda cha jirani anamwambia avumilie, mwanaume halilii mguu. Mwenye kuijua kazi hapo hamnyamazishi na hakimbilii sindano ya pili. Anamuuliza maumivu yako wapi: pale palipovunjika, au mguu wote? Yanapungua akitulia, au yanazidi? Kisha analishika lile dole gumba na kulikunja taratibu kwa mkono wake mwenyewe, kuelekea chini. Mfupa uliovunjika uko mbali na dole. Kwa kawaida kijana angekunja uso tu. Akipiga ukelele, muuguzi keshajua, hata kama vidole bado vina joto na mapigo ya damu bado yanasikika kwenye kifundo. Mapigo hupotea mwishoni, wakati mambo yameshaharibika. Anayesubiri yapotee ndipo aite daktari amesubiri mguu ufe.

Anaagiza daktari aitwe, na wakati huohuo anapasua hogo kwa urefu wake wote. Hapa kuna jambo ambalo asiyefunzwa hulisahau: kuikata plasta peke yake hakutoshi. Pamba iliyo chini yake, ikiwa imelowa damu ikakauka, hubana sawasawa na plasta. Inakatwa nayo, uzi kwa uzi, hadi ngozi ionekane. Mguu uliokuwa umeinuliwa kwenye mito unashushwa hadi usawa wa moyo, kwa sababu ukiwa juu damu inazidi kushindwa kuufikia. Hali isipolegea, kijana anapelekwa chumba cha upasuaji utando ukachanwe. Asubuhi madaktari wa raundi watamkuta na kidonda kirefu, na mguu ulio hai. Nadhani hakuna mahali pengine hospitalini ambapo kumwamini mgonjwa anayesema "inauma" kuna thamani kubwa hivyo.

(Niseme pia kwamba wodi hizi zina wauguzi wanaume wengi, na wagonjwa huwaita "dokta" moja kwa moja, wakati mama aliyefanya kazi humo tangu wao wako shule ya msingi anaitwa "sista". Wamezoea. Mimi bado sijazoea.)

Plasta yenyewe ni somo. Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ndiye aliyeleta mwanzoni mwa miaka ya 1850 bendeji iliyopakwa unga wa jasi, na kanuni haijabadilika: bendeji inazamishwa majini, inaachwa mpaka mapovu yaishe, inakamuliwa kidogo, inaviringishwa. Unga ukinywa maji hugeuka jiwe, na katika kugeuka hutoa joto. Mgonjwa lazima aambiwe mapema kwamba atasikia moto, la sivyo atashtuka. Maji yawe ya uvuguvugu tu. Yakiwa ya moto na plasta ikawa nene, ngozi iliyo ndani inaweza kuungua.

Mtazame anayeipokea plasta ikiwa bado mbichi. Haishiki kwa ncha za vidole hata mara moja. Anaibeba kwa viganja vilivyofunguka, anailaza juu ya mto uliofunikwa nailoni, wala si juu ya mbao. Alama ya kidole iliyobonyea kwenye plasta mbichi hukauka hivyohivyo, na kule ndani inakuwa kinundu kinachokula ngozi usiku na mchana. Kwa siku 2 hadi 3 hogo haifunikwi blanketi. Inaachwa hewani, inageuzwa ili upande wa chini nao ukauke. Wenye uzoefu huigonga kwa kifundo cha kidole: mbichi hutoa sauti nzito iliyokufa, iliyokauka huita. Nao huinusa. Harufu ya unyevu ni ya kawaida mwanzoni; harufu ya kitu kinachooza, ikitoka mahali pamoja wiki moja baadaye, maana yake kuna kidonda, na dirisha litakatwa papo hapo hata kama mgonjwa hasikii chochote. Hasa kama hasikii chochote. Kidonda cha mgandamizo huuma mwanzoni, kisha ngozi ikifa maumivu yanapoa, na mgonjwa asiye na habari hufurahi kwamba amepata nafuu. Watoto nao wana yao: shilingi, kalamu, punje za mahindi, vyote vimewahi kutolewa ndani ya hogo za watoto waliokuwa wakijikuna.

Lakini ukitaka kuona ufundi wenyewe, nenda kwenye vitanda vyenye mawe. Mfupa wa paja ukivunjika, misuli ya paja, ambayo ina nguvu nyingi, huvuta vipande vikapandana na mguu ukafupika. Dawa ya zamani ni kuvuta kinyume, yaani traksheni. Pini ya chuma hupitishwa kwenye mfupa chini kidogo ya goti, kamba inafungwa, inapita juu ya kapi mwishoni mwa kitanda, na uzito, ndio hayo mawe, unaning'inia. Kwa mtu mzima hesabu ya kuanzia huwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake: wa kilo 60 anaanza na kilo 6 hivi. Pasipo na vipimo rasmi hutumika mifuko ya mchanga au madumu ya maji yaliyopimwa kwenye mizani. Miguu ya kitanda upande wa chini huinuliwa kwa matofali, ili mwili wa mgonjwa wenyewe uwe ndio unaovuta upande wa pili.

Huo ni mtambo, na kama mtambo wowote una njia nyingi za kusimama kimyakimya. Kamba hutoka kwenye mfereji wa kapi. Fundo hupanda likakwama. Mgonjwa huteleza usiku kidogokidogo hadi unyayo unagusa chuma cha kitanda, au dumu linakaa sakafuni. Kwa macho kila kitu kipo mahali pake, mguu umefungwa na kamba imenyooka, ila hakuna kinachovutwa. Muuguzi mzuri akiingia wodini hutazama kwanza chini, pale uzito ulipo, kisha hupanda kwa macho: uzito, kamba, kapi, fundo, pini, goti, nyonga, uso. Hutazama matundu ya pini kama yana usaha au wekundu. Huweka kitambaa kilichokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, kwa kuwa kisigino kikikaa juu ya godoro wiki nzima kitachimbika. Na hauachi mguu uanguke kwa nje. Pembeni ya goti, chini kidogo tu, kuna neva iliyopita juu ya mfupa bila nyama ya kuilinda. Ikikandamizwa, unyayo unalegea na mtu anaondoka hospitalini akiwa na paja lililopona na mguu unaoburuza.

Adui mkubwa wa mawe ni huruma. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, shangazi huingia na sufuria la wali, anaona mwanawe "ametundikwa", anaubeba ule uzito kwa upole na kuuweka juu ya stuli apumzike japo kidogo. Muuguzi aliyekaa vizuri na kazi yake hafoki. "Shikamoo mama. Mama, mguu huu ukipumzika hapa, unapanda juu. Akitoka atatembea akichechemea, utamlaumu nani?" Shangazi mwenyewe ndiye anayekuwa mlinzi wa dumu kuanzia siku hiyo, na ole wake mgeni atakayelisogelea.

Kuna mkasa mwingine unaopenda kuja siku ya pili au ya tatu baada ya paja kuvunjika. Kijana aliyekuwa akitaniana na wenzake anaanza kusema maneno yasiyoshikana na kuhema haraka. Ndugu watasema majini. Muuguzi anafunua kwapa akitafuta vidoadoa vidogo vya damu, na kwa ngozi nyeusi anavuta kope la chini, maana huko ndiko huonekana wazi zaidi. Matone ya mafuta kutoka ndani ya mfupa yameingia kwenye damu yakafika mapafuni na kwenye ubongo. Oksijeni inawekwa, daktari anaitwa, na mguu hautikiswi bila sababu.

Vifaa hivi vina historia inayopaswa kuwapunguzia kiburi wanaowadharau waunga mifupa wa jadi. Gango la chuma lililobeba mapaja yaliyovunjika kwa zaidi ya karne moja, na ambalo bado linatumika, ni la Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyefariki 1891. Thomas alisomea udaktari, ila baba yake, Evan, alikuwa muunga mifupa asiye na cheti, wa ukoo wa waunga mifupa kutoka kisiwa cha Anglesey, Wales. Madaktari wa enzi zake hawakumsikiliza sana. Ni mpwa wake, Robert Jones, aliyelisambaza gango hilo katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati waliopigwa risasi za paja walikuwa wakifa wengi kwa damu na mshtuko kabla ya kufika hospitalini. Paja likivunjika linaweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu bila tone kuonekana nje. Gango lilipoanza kufungwa palepale karibu na uwanja wa vita, vifo vilipungua sana.

Jones huyohuyo alifanya kazi na Agnes Hunt, muuguzi aliyekuwa na nyonga mbovu tangu utotoni na aliyeujua ulemavu kwa mwili wake. Mwaka 1900 Hunt alifungua nyumba ya watoto wenye ulemavu katika kijiji cha Baschurch, Shropshire, na vitanda vikawekwa kwenye vibanda vilivyo wazi upande mmoja, hewa ikipita. Kutoka hapo uuguzi wa mifupa ukawa fani yenye mafunzo yake. Hospitali iliyotokana na nyumba ile ipo mpaka leo Oswestry, na ina majina yao wote wawili.

Kwetu Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na humo, kama katika hospitali nyingine kubwa, mapaja mengi sasa hayatundikwi mawe tena. Chuma hupitishwa ndani ya mfupa. Daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN, linalosambaza chuma ambacho kinaweza kufungwa hata mahali pasipo mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji, na Muhimbili imekitumia. Mgonjwa aliyekuwa alale miezi anasimama baada ya siku chache. Hakuna mwenye akili atakayeyalilia mawe. Ila hospitali za wilaya bado zina wagonjwa wanaosubiri rufaa, fedha au zamu ya chumba cha upasuaji, na wanaosubiri husubiri kwenye mawe. Naona kasoro pale muuguzi kijana anapopangiwa kazi huko akiwa ameiona traksheni kitabuni tu.

Kuhusu waunga mifupa wetu, nimependa namna wauguzi wazuri wanavyowazungumzia mbele ya ndugu. Familia inayotaka kumtoa mgonjwa wodini impeleke kwa mzee haitishwi kwa kejeli. Wanaulizwa: huyo mzee anafunga kwa vijiti? Akifunga, anafungua lini? Vidole vikiwa vyeusi anafanyaje? Kisha wanaambiwa kwamba kuvunjika kwingine hupona popote mtu akitulia, ila palipo na kidonda mfupa ukaonekana, au vidole vikafa ganzi, vijiti vilivyokazwa vinaweza kuondoka na mguu wote. Wengine hubaki. Wanaoondoka, angalau wanajua rangi ya kidole inayotakiwa kuwarudisha.

Sehemu isiyosemwa ni choo. Mtu aliyevutwa mguu hawezi kugeuka ubavu. Hushika chuma kinachoning'inia juu ya kichwa, hukanyaga godoro kwa mguu mzima na kujiinua wima, na bedpani huingizwa kutoka upande wa mguu huo mzima. Pazia huvutwa kabla, si wakati wa tendo. Kwa babu wa miaka 70 na nesi wa umri wa mjukuu wake, hayo ni mazito kuliko upasuaji. Ndiyo maana wagonjwa wengi hula kidogo makusudi, ili wasilazimike kuomba. Wanarudisha sahani nusu na kusema wameshiba. Anayejua anaisoma sahani ile. Hatoi hotuba juu ya protini. Analeta maji na papai, anaketi, na kumwambia babu kwamba yeye mwenyewe atakuja kila asubuhi saa 12 na pazia, hana haja ya kuita. Siku mbili baadaye maharage na dagaa wanaliwa, na mfupa nao unapata cha kujijengea. Katika saa hiyohiyo ya choo ndipo mgongo na makalio hutazamwa kama yameanza wekundu au ugumu, bila kulifanya jambo la pili la aibu.

Mgonjwa wa uti wa mgongo ndiye anayehitaji mikono mingi. Wanne angalau: mmoja kichwani, watatu wakiwa upande mmoja, mikono ikipishana. Wa kichwani ndiye anayehesabu, na hakuna anayesogea kabla yake, hata akiwa daktari. Mwili unageuka mara moja, kama kipande kimoja. Kila baada ya saa 2, usiku kucha.

Magongo huja mwishoni na huonekana jambo dogo. Kimo kwanza: pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kichwa cha gongo na kwapa, na kiwiko kikunjike kidogo. Uzito unabebwa na viganja. Anayejitundika kwa makwapa atajikuta baada ya wiki kadhaa kiganja hakiinuki, kwa sababu neva imebanwa huko juu. Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Kushuka, magongo na mguu mbovu ndivyo hutangulia. Raba za chini hutazamwa. Zikiisha, kipande cha tairi kinafaa.

Kabla ya kuandika karatasi ya kuruhusiwa, sista huuliza maswali ambayo hayamo kwenye fomu. Unakaa wapi, babu? Kisima kiko umbali gani? Mlangoni pana ngazi? Nani atakupikia? Na choo ni cha kuchuchumaa? Choo cha kuchuchumaa kwa mtu mwenye nyonga iliyofungwa chuma juzi ni jambo la kupanga leo. Basi mtoto wa mzee anaitwa pembeni, anaonyeshwa kwa mikono urefu unaotakiwa kutoka sakafuni, na anatumwa kwa fundi seremala na kiti kizee cha mbao, kikatobolewe katikati, pembe zisuguliwe kwa msasa, na miguu ipigiliwe ubao chini isije ikazama kwenye udongo mvua zikinyesha.